Chachu Iliyomwagwa Kariobangi

Mjukuu wangu Wanjiku,

Huku Njiru hatujambo, babu yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini nasisitiza umgawie jirani chachu yako ya kutengenezea soda.

Miaka ya sabini, tukiwa Kariobangi, nilikuwa na chupa ya chachu ya tangawizi na sukari. Mke wa mwenye nyumba aliimwaga yote mtaroni.

"Kwangu hakuna kutengeneza pombe!"

"Ni soda ya watoto!" nilimfokea. Akanipa mgongo.

Jirani yangu, Mama Atieno, akaniletea kikombe cha chachu.

"Si ulinigawia yako? Shika, uanze tena."

Niliitia sukari palepale uani, yule mke wa mwenye nyumba akiniangalia. Hata leo nikimkumbuka, damu inanichemka.

Nyanya yako