Waliopanda kwa Neno Langu

Timbwani, Likoni
20 Mei 1962

Kwa mjukuu wangu Stambuli,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na baridi ya huko Uingereza haijakutoa pua. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mola. Mamako mzima, mbuzi amezaa, paa tumelirudishia makuti. Anayeandika ni nduguyo Barke, maana chuo changu mimi cha Kurani kiliishia juzuu amma, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiyatie sukari. Nina hasira nawe.

Barua yako ya mwezi wa Machi ilifika. Barke aliisoma barazani, wanawake wamekaa wanasuka makuti. Ulisema Wamarekani wamerusha chombo juu ya hewa kikalitazame jua, kwa kuwa hewa yetu ni kama ukaya usoni, huficha mengi. Ukasema jua lenyewe ni nyota tu kama nyota nyingine. Hayo niliyameza. Kisha ukaja kwenye Kilimia. Ati sisi twahesabu nyota sita, hodari wa macho saba, na wenye darubini wamehesabu mamia. Na nuru yake tuionayo leo iliondoka huko kabla Mreno hajajenga Ngome. Bi Mwanarehema akacheka, akasema kumbe mimi, Bi Mwanamkasi, miaka yote hii nilikuwa nikihesabu nusu ya robo.

Wewe wajua mimi ni nani katika Timbwani hii. Tangu babako hajazaliwa, mtu hatii mbegu ardhini mpaka nitoke uani baada ya Magharibi, nione Kilimia kimeshuka usawa wa vilele vya minazi, niseme haya, pandeni. Sikusomea Uingereza mimi. Nilifundishwa na mamangu kwa kidole.

Basi mwaka huu nikasema pandeni, wakapanda. Mvua haikuja. Wiki ya kwanza, ya pili, hata ya nne; mahindi yakakaangika mchangani, yaliyosalia yakaliwa na chungu. Randu jirani yetu, mwenye watoto tisa, alikuwa ametia mbegu yake yote. Mvua ilipokuja hana cha kupanda. Akaja mlangoni akaniuliza, kwa adabu ile ya kuchoma, kama Kilimia changu mwaka huu kimekunywa tembo. Nikamwambia akamuulize mjukuu wangu, kwani yeye na Wazungu wake ndio waliorusha machuma juu wakazitikisa nyota.

Neno hilo lilifika Mtongwe kabla sijakaa kitako. Mzee Shee, baba wa mchumba wako Johari, akaturudishia posa. Alisema hamwozi bintiye mtu anayechezea mbingu za Mwenyezi Mungu. Mamako analia. Johari, nasikia, chakula hakimpiti. Na yote kwa barua yako! Nani alikutuma kumwandikia mwanamke mzima hesabu za nyota? Hukuwa na habari za chakula, za nguo, za msikiti?

Barke ameweka kalamu chini. Aniuliza kama nitaendelea na uwongo. Mtoto huyu hana adabu, na kweli anayo. Basi sikiliza.

Sikukiona Kilimia. Mwaka jana nilikiona kama moshi, nikabahatisha, Mungu akanisitiri. Mwaka huu nilitoka uani jioni tatu, sikuona hata huo moshi, nikajiambia kimekwisha kushuka nyuma ya minazi. Ningemwita Barke anitazamie, lakini baada ya kile kicheko cha barazani, niliona afadhali nife kuliko kumuuliza mtoto nyota. Chombo chenu hakikutikisa kitu. Ni macho yangu. Yana utando, hata Barke nikimjua, namjua kwa sauti.

Leo asubuhi nimekwenda Mtongwe, nimeshikwa mkono na Barke kama bibi harusi. Nimemwambia Mzee Shee yote. Akasema posa ameipokea tena, nami niende kwa amani, naye hatamwambia mtu, ili heshima yangu ibaki. Nikamwambia wallahi siitaki. Heshima gani hiyo, ya kulalia jina la mjukuu wangu? Nikatoka, nikapita kwa Randu na mbegu yangu ya darini, nikamwambia mbele ya mkewe na wanawe wote kwamba sioni, na kwamba nilimdanganya. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kwa hivyo usimwombe mtu radhi. Soma. Na hasira bado ninayo: hao wanaoiona nuru ya kabla ya Mreno, waulize kama wanayo dawa ya jicho la mwanamke wa Timbwani. Kama hawana, wasijisifu sana. Kama wanayo, usiniandikie, njoo nayo.

Mamako akusalimu, Barke akusalimu. Johari hakunipa salamu, aliona haya mbele ya babake, lakini alinisindikiza mpaka njia kuu, akanishika mkono wa pili.

Ni mimi bibi yako,
Mwanamkasi binti Khamis