Nota za Kanda ya Awuor

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Aibu! Mzee Mashimba, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kaja hadi mlangoni. Eti binti yangu Awuor anapiga muziki wa shetani, mtaa mzima wa Igoma unasikia. Kanda hiyo binti kapewa na fundi Mzungu wa kiwanda cha samaki, ambako yeye anakata minofu. Jalada lina fuvu. Mzee anataka Jumapili jina la Awuor lisomwe kanisani, atengwe. Nimeomba siku chache. Mzee akasema sawa, wewe ni mwalimu wa kwaya, una masikio – isikilize, Jumamosi kikaoni utuambie kuna nini ndani.

Awuor hakulia. Kasema wakisoma jina lake anahama, na kanisani hakanyagi tena. Huyu hatanii. Marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Septemba

Upande A. Mungu wangu! Magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Ngoma hazipumui. Jamaa anabweka! Nimezima mara mbili, kichwa kinaniuma. Nitamtetea vipi mtoto kwa hiki?

Nilimwuliza anapenda nini humu. Kasema: Baba, kutwa nasimama, msimamizi ananifokea, mdomo sifungui. Huyu anafoka badala yangu.



Alhamisi, 7 Septemba

Upande B, wimbo wa tatu. Unaanza na gitaa moja, polepole. Sikutegemea! Nikarudisha kanda. Nikarudisha tena. Mkono ukachukua kalamu wenyewe – la, do, ti, la, nota za kwaya – mazoea ya miaka ishirini. Nimeandika sauti zote nne za mwanzo ule. Besi imekaa vizuri ajabu. Halafu kelele zinarudi, ila sasa nasikia wimbo uleule chini yake. Naogopa. Au na mimi nimeshaharibika?

Ijumaa, 8 Septemba

Nimechelewa mazoezi, nilipitia kununua betri za redio – ndiyo, kwa ajili ya kanda hiyo! Nafika, kwaya inaimba. Ni mwanzo ule wa kwenye kanda! Getruda, kiongozi wa sauti ya kwanza, kafungua faili langu, kakuta karatasi, kadhani ni wimbo mpya. Wanaimba nota tu. Na wanaimba vizuri, loo!

Mzee Mashimba kasimama mlangoni, kofia mkononi, macho yamelowa. Mwalimu, akasema, huu ndio utufungulie ibada Jumapili. Nami nikajibu ndiyo, mzee. Ndiyo! Mdomo gani huu?

Jumamosi, 9 Septemba

Kikao saa tisa. Nikisema kweli, naiaibisha kwaya nzima, huenda nami nikatengwa. Nikinyamaza, kesho watauimba wimbo wake, kisha watasoma jina lake. Nimemweleza Awuor yote. Kaniuliza tu: utasema? Nikatoka nje. Sasa mfuko wake wa nguo uko kando ya mlango, umefungwa.

Saa nane na nusu. Getruda yuko sebuleni, anataka maneno ya wimbo. Nimesingizia natafuta miwani, naandika huku chumbani. Mwoga mimi! Namsikia Awuor akimkaribisha, anamwuliza ni wimbo gani huo. Getruda anamwimbia. Kafika mwisho wa karatasi yangu, kaishia hapo.

Awuor anaendelea. Anaumalizia wote, taratibu, kwa sauti ya wazi.



Getruda anamwuliza: Wewe umeujulia wapi?