Jozi ya Magoti

4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Kabla hujauliza hali: nina bahati mimi, hata wenye bahati wananionea wivu! Msimamizi amenipa likizo, tiketi ya basi kalipa yeye, na mwezi wa tano niko nyumbani, tunaingia mkekani wawili kwenye mashindano ya aikido kama zamani. Hujambo lakini? Na mama, kifua chake?

Huku bado tunatandaza vigae. Wenzangu wanavaa vikinga vya magoti kama watoto wanaojifunza baiskeli. Mimi nikawaambia, "Nyie, natembea kwa magoti mkekani tangu shule ya msingi! Mdogo wangu kanitupa mpaka mkeka ukaomba radhi!" Walicheka wakamwaga saruji.

Usimkubali mwenzi mwingine.

Kaka yako, Chuma

19 Machi

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, ila mama anakohoa asubuhi. Barua yako kaiweka chini ya mto.

Mwalimu wa aikido ananibana nimtaje mwenzi. Yule mwoka mikate yuko tayari kuwa mwenzi wangu. Anaanguka vizuri, ingawa kwa magoti anatembea kama bata aliyelewa. Jozi ikishaandikishwa haibadilishwi. Na safari hii mshindi ataajiriwa kufundisha watoto pale ukumbini, nawe unajua nilivyochoka kufua mashuka ya hoteli. Nimemwambia mwalimu namngoja kaka. Nimekosea?

Goti la kulia, lile ulilosema mwaka jana saruji imelichoma, limepona?

Mdogo wako

2 Aprili

Sindano,

Mimi mzima kupita wazima, mama asihangaike. Mwandiko usikutishe, naandika nimelala kama bosi. Goti? Halinisumbui tena hata kidogo.

Mwoka mikate mwache na mikate yake. Andikisha jina langu.

Kaka yako, Chuma mwenye tiketi mfukoni

12 Mei

Kaka,

Mama hajambo. Mimi ndiye sijui nilivyo.

Nilikaa stendi tangu asubuhi na nguo yako nyeupe ya mkekani, nimeifua, nimeipiga pasi. Mabasi yakaja, yakaisha. Nikakimbilia ukumbini. Tulipoitwa nikaingia peke yangu, nikapiga magoti, nikainama. Mbele yangu mkeka mtupu. Mwamuzi akauliza, "Mwenzako?" Nikasema, "Anakuja." Watu wakacheka, kaka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Tukatolewa. Kazi kapewa mwingine.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeshambulia asiigize. Akinyoosha mkono wa uongo, mwenzake anakosa pa kushika, na hapo ndipo mtu anapovunjika. Haya, mkono ulioninyooshea ulikuwa wa namna gani? Kama unaumwa, sema. Kama umeoa, sema pia, nitacheka.

Mdogo wako

27 Julai

Sindano,

Msalimie mama. Umsomee hii akiwa amekaa.

Saruji mbichi ilipenya suruali ikala goti mpaka mfupani, nami nikaendelea kupiga magoti kazini. Ningevaaje vikinga baada ya domo lote lile? Mguu wa kulia waliukata juu ya goti mwezi wa kwanza. Barua zangu mbili za mwisho nilikuandikia kitandani. Msimamizi alinifukuza nikiwa bado hospitali.

Nilijua unamkataa mwoka mikate kwa ajili yangu, na nilikuacha umkatae. Nilitaka pawe na mahali pamoja tu ambapo bado nina miguu miwili, na kuna mtu ananingoja nipige magoti mbele yake. Mahali penyewe palikuwa wewe. Na gharama yake umeilipa wewe, kwenye mashuka ya watu.

Nguo nyeupe mpe mwoka mikate. Mfundishe kutembea.

Likizo haikuwapo. Tiketi haikuwapo. Bahati ile niliitunga.

Kaka yako