Gari la Mume Wangu Lilipita Kati ya Jeneza na Mjane

Na ndiyo, niliolewa naye. Wewe mwenyewe, Mama Specioza, ulinijibu mwaka jana kwamba mwanaume anayekusubiri nje ya kanisa na mwavuli wakati mvua haijaanza, huyo nisimwache, na mimi sikumwacha, hii ni wiki ya saba ya ndoa yetu na mpaka leo nikisikia hatua zake mlangoni moyo unanienda mbio kama vile bado ananichumbia. Anaitwa Gelasius. Ananichotea maji kabla sijaamka, na akiniita mke wangu mbele za watu naona mji mzima wa Mpanda umesikia. Nisamehe, najua barua hii si ya furaha, ila nataka ujue ninayemwogopea ni mtu wa namna gani.

Gelasius alikuwa dereva wa lori. Mwaka huu kampuni moja ya mizigo imeleta hapa, kwa majaribio, magari madogo yanayojiendesha yenyewe, yanachukua magunia ya mchele na mahindi kwenye maghala na kuyapeleka stesheni. Kila gari lina msimamizi anayekaa kwenye kiti cha dereva, anatazama tu, usukani unazunguka wenyewe, na mume wangu ni mmoja wao. Nilijivuna sana, ingawa Osward wa bodaboda pale kijiweni hachoki kunitania, "Shemeji, leo mumeo kabeba au kabebwa?" nami namjibu, "Kabebwa, na wewe unachomwa jua."

Sasa sheria yao ni kwamba msimamizi asiguse usukani wala breki mpaka gari lenyewe lipige kengele. Akigusa kabla, anaandikiwa kwamba ameharibu majaribio. Gelasius alishaandikiwa mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya mbuzi, ya pili kwa ajili ya mama aliyebeba beseni la dagaa kichwani, na akaambiwa ya tatu anaondoka. Asubuhi ya siku ile nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Mpenzi, leo hii mikono ikae mapajani. Fanya hivyo kwa ajili yangu." Akacheka, akasema, "Sawa, mke wangu."

Siku hiyo alikuwa anazikwa mzee Melkiadi, fundi cherehani aliyenishonea gauni la harusi. Jeneza lilibebwa mabegani, mkewe Mama Épiphanie na akina mama wakifuata nyuma wakiimba. Kwetu dereva akikutana na msiba anasimama, anazima injini, anavua kofia, awe na haraka kiasi gani. Gari la Gelasius lilikutana nao barabarani, likasimama vizuri, hata watu wakasema kumbe limefundwa adabu. Kisha wabebaji wakasogea mbele kidogo ili wapokezane mabega, akina mama wakasimama kuwasubiri, ikabaki nafasi katikati. Gari likaona njia iko wazi. Likapita hapo hapo, taratibu, bila kupiga kengele, kati ya jeneza na mjane, mume wangu akiwa ndani yake, mikono mapajani. Hakuna aliyeguswa, lakini wimbo ulikatika. Jean-Marie, mtoto mkubwa wa marehemu, alimfuata dirishani akamwambia, "Kaka Gelasius, sisi tulikuona wewe. Hatukuliona gari."

Ofisi imemkataza kwenda kwa wafiwa, wanasema akiomba radhi atakuwa amekubali kosa, na kazi itaishia hapo. Siku kumi sasa hali chakula vizuri wala haongei. Jana nilimuuliza anawaza nini, akasema, "Nilikuwa na muda, Skola. Ningeweza kuhesabu mpaka tano." Hajanitaja mimi hata mara moja, na mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba maneno ya asubuhi ile yalikuwa yangu. Naogopa akienda atapoteza kazi, na asipoenda naogopa nitampoteza yeye huku yumo ndani ya nyumba. Nimwache anyamaze, au nimsukume aende?

Skolastika, Nsemulwa

MAMA SPECIOZA ANAJIBU

Skolastika mwanangu, pole, na hongera ya ndoa pokea hapa hapa, kwa sababu huko chini sitakuwa mpole.

Siku kumi ni nyingi. Mjane amekaa siku zote hizo akitazama mlango, na nyie mmekaa mkisubiri ruhusa ya ofisi. Ofisi haikufiwa.

Maneno uliyomwambia yalisukumwa na hofu ya mke, na kumtakia mume kazi si dhambi. Kosa lako ni kunyamaza baadaye ukamwacha abebe peke yake. Leo, kabla hamjala, mwambie, "Mimi ndiye niliyekuomba." Lakini usijitwike yote. Mikono ilikuwa yake, na yeye anajua. Na sheria inayomwandikia mtu kosa kwa kumwonea huruma mama mwenye beseni ina wenyewe, nao wataulizwa.

Kisha mwende wote wawili, kwa miguu. Mwombeni katekista wenu awatangulie. Msiende kueleza gari linaonaje barabara, Mama Épiphanie hana haja na hilo. Wewe ingia kwa akina mama, shika ufagio au sufuria, usingoje kupewa kiti. Gelasius avue kofia, amwambie Jean-Marie, "Nilikuwa kwenye kiti, niliona, sikusimamisha. Naomba mnisamehe." Aishie hapo. Wakimfokea asikilize, wakinyamaza akae nao.

Kesho yake aende ofisini mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu. Awape na maandishi, kwamba gari lifundishwe kuwa msiba haujapita mpaka mtu wa mwisho apite, na kwamba msimamizi aruhusiwe kukanyaga breki bila kuandikiwa. Magari haya yanakuja, tusidanganyane, na yanaweza kutufaa. Ila aliyewekwa ndani kama pambo hawezi kumlinda mtu barabarani. Wakimwondoa kwa hilo, ana leseni, malori yapo, na wewe utamsindikiza kutafuta.

Mimi nina safari ya huko. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka Mpanda, nitaanza kwa Mama Épiphanie kumpa pole, na nitamuuliza jambo moja tu, kama mmefika. Nikitoka kwake nitakuja kwenu Nsemulwa.