Mgonjwa wa Mnara wa Gozo

Wambui mpenzi,

Salamu kutoka Malta, ambako minara ya taa ni ya kale na jua ni kali kama la kwetu Alief, huko Marekani, mwezi wa nane. Leo tulipanda kilima kwenye kisiwa cha Gozo kuona mnara mmoja. Unajua vile huyu mume wangu, Baba Kevin, ametangazia kanisa zima kwamba goti langu lililopasuliwa limemaliza kazi yangu ya unesi. Mwenyewe hu-drive hata akienda kuchukua barua getini. Katikati ya njia aliketi kwenye jiwe, akaniambia niendelee, yeye anapiga picha.

Nilifika juu. Nikiwa nimeegemea ukuta wa mnara, bibi mmoja wa huko alinijia na chupa ya maji.

"Wewe ndiye mke mgonjwa?" akauliza. "Mumeo anasema hujiwezi, anakungoja ushuke."

"Mama, ulimsikia anavyohema?"

Alifikiri kidogo, akarudi kumpelekea yeye yale maji.

Niliposhuka nilimshika Baba Kevin mkono mpaka chini, na hakubisha. Kwenye feri nikamwambia narudi wodini wiki ijayo. Akasema goti ni langu, mimi ndiye ninayelijua.

Nibusie watoto, na Mungu akupe nguvu kwenye hizo zamu za wodini.

Wako, Njeri