Vistari vya Alhamisi Ile

Muhuru Bay,
Agosti 1996

Shangazi Truphena,

Nianze na habari ya sahani, maana najua ndiyo ungeuliza kabla hata hujanikaribisha kiti. Ipo. Haikuvunjika wala haikupotea, ingawa siku ya mazishi yako ilinusurika. Akina mama waliokuwa wakipika waliishiwa na vyombo, mmoja akaiona nyuma ya mlango wako, akaifungua kamba na jiwe, akaisugua kwa majivu, akampakulia mgeni ugali na kuku. Ile rangi nyeupe na nyeusi walidhani ni urembo. Mgeni mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa kutoka Kehancha, amevaa suti. Kumbe lile tundu la katikati tunalopitishia kamba liko wazi. Mchuzi ukashuka taratibu mpaka kwenye suruali yake, naye kwa adabu akaendelea kula kana kwamba hakuna kitu. Ungekuwepo ungecheka ukashika mbavu. Mimi nilicheka peke yangu nyuma ya jiko, na nikalia pia, nikashindwa kujua ni kipi kilichotangulia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ulijivunia sana Kiswahili chako, kile ulichojifunza sokoni kwa wanunuzi wa omena kutoka ng'ambo ya mpaka, wanaoziita dagaa. Mambo ya nyumbani uliyasema kwa Kijaluo, lakini la maana ulilisema kwa Kiswahili, kama hakimu. Na mimi nina jambo la maana. Nimelizunguka kwa wiki nyingi na hata sasa naona nalizunguka, nakupa hadithi za mchuzi.

Unakumbuka siku niliyokuja na barua ya ufadhili? Niliisoma kwa sauti uwanjani huku ukigeuza omena kwenye nyavu. Kwamba nimechaguliwa miongoni mwa wanafunzi watakaosaidiwa kutafiti mazingira ya ziwa, kwamba nitapima uangavu wa maji mahali pamoja, kila siku, mwaka mzima bila pengo, ili ijulikane gugumaji linayafanya nini maji yetu. Baba yangu, kaka yako, aliuliza ni nani atapima wakati niko chuoni. Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilikuwa nimeshinda ufadhili wa kazi nisiyoweza kuifanya. Ukajifuta mikono kwenye leso ukasema, "Si ni kutumbukiza kitu kwa maji na kuangalia? Mimi niko hapa. Maji iko hapa."

Kifaa cha chuo kilichelewa kufika, kwa hiyo tukachukua sahani yako ya bati, tukaitoboa, tukaipaka rangi, tukaifunga jiwe chini ili izame. Kamba tukaipiga fundo kila sentimita kumi. Wavuvi hawakutaka mwanamke kwenye mitumbwi yao, hata wewe uliyekuwa na mtumbwi wako mwenyewe hukuwahi kuukanyaga, basi ukachagua ncha ya gati la zamani ambako maji yana kina. Nilikufundisha mara moja tu. Shusha sahani, hesabu mafundo mpaka usiione tena, andika. Ukaniambia namba zangu zinakuchanganya, wewe utachora kistari kwa kila fundo. Na ulichora. Kila siku saa nne asubuhi, kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye daftari, kwa mkono wako wa kushoto, vistari vyako vyote vikiegemea nyuma.

Hukuwahi kuniuliza ufadhili una faida gani kwako. Uliuliza tu maswali yaliyonitoa jasho. Mbona baada ya mvua mafundo yanapungua? Mbona gugumaji likiingia maji yanakuwa meusi chini yake lakini ukilisukuma kwa upondo yanaonekana safi zaidi kuliko jana? Nilipeleka swali lako hilo kwa msimamizi wangu chuoni kama swali langu. Alinisifu. Na hilo pia nilikuwa sijakuambia.

Sasa nifike kwenye Alhamisi.

Nilirudi likizo ya Aprili kuandika ripoti ya muda ya ufadhili. Nikafungua daftari, nikapitia ukurasa kwa ukurasa, nikakuta siku moja haina kitu. Alhamisi ya kwanza ya Machi, nyeupe kabisa. Uliniambia mwenyewe jioni ile tulipokuwa tukichambua mboga kwamba mwanzoni mwa Machi ulipeleka omena Kehancha, mvua ikaharibu barabara, ukalala huko. Ulisema kama mtu anayesimulia safari, hukujua kwamba nimeona lile pengo. Nikangoja utoke, nikachukua penseli yako, nikachora vistari saba. Jumatano ulikuwa na saba na Ijumaa ulikuwa na saba, kwa hiyo nilijiambia sidanganyi mtu. Nilijitahidi hata kuviinamisha nyuma.

Kesho yake ulirudi kutoka gatini ukaketi na daftari mapajani muda mrefu. Kisha ukaniita. "Nyar owadwa," ukasema, jina lako la kuniita binti wa kaka yako unaponibembeleza. "Hii siku, nani alishika kamba?"

Nikakujibu, "Ni wewe, Shangazi. Umesahau tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia mara nyingi nikitafuta namna ya kuyasikia vizuri zaidi, na hayawi mazuri. Ulinitazama, ukatazama vistari, ukafunga daftari. "Haya," ukasema. "Kumbe nimezeeka." Ukaenda kuwafukuza kuku kwenye omena. Mimi nikaona nimepona.

Wewe, Shangazi! Wewe uliyempiga mwanamke mmoja kwa gorogoro yake mwenyewe, lile kopo la kupimia, pale sokoni kwa sababu alikuwa ameibonyeza kitako ili ijae haraka. Nilikuwa mdogo, nilijificha nyuma ya leso yako kwa aibu, na wewe ukimwambia mbele ya umati kwamba mtu akinunua kipimo apewe kipimo. Nilidhani siku ile nimejifunza jambo. Kumbe nilikariri tu, kama tulivyokariri darasani.

Habari ya kifo chako niliipata redioni. Nilikuwa jikoni mwa hosteli nasubiri chai, matangazo ya vifo yakisomwa, mtu anakoroga sukari kikombeni, na nikasikia jina lako, kisha orodha ya wafiwa, na kati yao jina langu mimi. Sikuelewa mara moja. Niliwaza, huyu Akinyi mwingine amefiwa na nani? Ndipo kikombe changu kitupu kikaniponyoka.

Ulianguka uwanjani kwa Mama Risper, jirani yako, mkianika pamoja. Presha, walisema hospitalini Migori. Si gatini. Nimeuliza mara tatu na nimejibiwa mara tatu, si gatini.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwaka wa daftari utimie. Tulikungoja siku tisa mochari mpaka mwanao Ouma akafika kutoka Mombasa. Siku ya tatu nilitoka asubuhi na kamba mkononi nikielekea gatini. Mitumbwi yote ilikuwa imepinduliwa ufukweni kwa heshima yako, hakuna wavu uliolowa. Mama Risper akanikuta njiani akanishika mkono. "Akinyi, mwili ya shangazi yako haijaingia kwa mchanga na wewe unashika kazi? Kamba na irudi nyumbani." Niliirudisha. Ni desturi ya nyumba yetu na ya ufuko wetu, na hata ingekuwa si desturi, nadhani mikono yangu isingeweza. Siku tisa hazikuchorwa kitu. Zile zilizosalia baada ya mazishi nilizipima mwenyewe.

Baada ya mazishi nilikaa na daftari lako nyumbani kwako. Nikaona kitu ambacho sikukiona Aprili, kwa sababu Aprili hakikuwepo. Kuanzia wiki niliyorudi chuoni, kila siku ina mistari miwili ya vistari, mmoja chini ya mwingine. Siku baada ya siku mpaka ile ya mwisho. Nikamwonyesha Mama Risper nikisema, tazama bidii ya huyu mama, alipima mara mbili. Akatikisa kichwa. "Si bidii. Alikuwa anaogopa. Alisema siku hizi kichwa inampoteza, alishika kamba siku moja na hata hakukumbuka. Ndio akawa anaenda asubuhi, anarudi tena mchana, asije akaharibia mtoto masomo."

Nilitoka nje nikakaa kwenye mawe ya jiko.

Niliporudi chuoni msimamizi wangu hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole. Kisha akasema kamati ya ufadhili haitaki mapengo, wanafunzi ni wengi na wanatafuta sababu ya kupunguza, kwa hiyo nichukue siku iliyotangulia na siku iliyofuata, nijumlishe, nigawanye kwa mbili, nijaze. "Siku tisa ni kidogo," akasema. Nilimwitikia kwa heshima. Na Shangazi, nisikufiche, nilijaribu. Nilinoa penseli. Niliinamisha vistari nyuma kwenye karatasi ya kufanyia mazoezi. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa mkono wako.

Sikuweza kwenda mbele. Kila nilipochora nilikusikia ukiniuliza nani alishika kamba. Ulikuwa mochari Migori, na mimi nataka kukuandika uko gatini.

Kamati ilikuja Homa Bay kutusikiliza sisi wa upande wa ziwa. Tuliitwa mmoja mmoja kwenye ukumbi wa ofisi za wilaya, dirishani gugumaji limefunika ghuba mpaka usijue nchi kavu inaishia wapi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza zile siku tisa tu. Nikazieleza. Kwenye safu ya sababu nilikuwa nimeandika kwamba mpimaji alifariki, na kwetu hakuna kazi mpaka mtu azikwe. Wakaandika. Nilikuwa karibu kutoka salama. Kisha mama mmoja wa kamati, mwenye miwani, akaomba daftari lenyewe. Akapitisha kidole kwenye vistari vyako, ukurasa kwa ukurasa, polepole, akatabasamu. Akauliza, "Mbona kuanzia hapa amepima mara mbili?"

Ningeweza kusema bidii. Nililiona jibu hilo, lilikuwa mdomoni. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni Alhamisi. Niliwaambia yote, vistari saba, swali lako, jibu langu, na yale aliyonieleza Mama Risper. Nililia mbele ya watu wazima sita nisiowajua. Yule mama alifunga daftari akalisukuma kwangu kwa mikono miwili.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ufadhili umesimamishwa. Ripoti ya Aprili imeondolewa, na mwaka mzima hauhesabiki kwa sababu yangu, hata zile siku zako zote za kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko chuo. Wamesema nikileta mwaka mpya, na jina la mpimaji kila siku, watanifikiria tena. Hawakuahidi. Baba hajasema na mimi vizuri tangu hapo. Anasema ningeinyamazia Alhamisi ile, ni nani angejua? Nampenda baba, lakini ndugu mnaweza kufanana pua tu.

Kwa hiyo niko hapa, nyumbani kwako. Wenzangu wamefungua muhula, mimi naanika omena na Mama Risper. Anasema nageuza kama mtu anayeogopa kuwaamsha. Saa nne nanawa mikono naenda gatini. Kamba ni ileile, fundo la tano limeanza kulegea, nitalikaza. Juzi wimbi la gugumaji lilileta kuku hai akiwa amesimama juu yake kama abiria, sijui katoka kisiwani Mfangano au wapi, watoto wakamfukuzia mpaka kwenye matope. Nikageuka kukuita uje uone.

Nimenunua daftari jipya. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili mafundo, ya tatu ni aliyeshika kamba. Katika lako la zamani nimeongeza safu hiyohiyo kwa kalamu ya wino, nikaandika Truphena kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka siku yako ya mwisho. Zile siku tisa nimeziacha nyeupe. Kwenye Alhamisi nimeandika: hakuna. Chini yake nimeandika jina langu na nilichofanya. Hawalihesabu, lakini litakwenda nami popote kazi hii itakapokwenda, na mtu akiniuliza nilijifunzia wapi kupima maji, nitamfungulia.

Nakuahidi nitapima mwaka huu wote, ufadhili uje usije. Siku nitakayoshindwa nitaiacha kama ilivyo. Na sitamwambia mtu yeyote tena kwamba amesahau, wakati anayejua ukweli ni mimi.

Lala salama, Shangazi. Usihangaike kurudi gatini mchana, mara moja inatosha. Ile Alhamisi ulikuwa Kehancha, mvua ilikulaza huko, na kamba haikushikwa na mtu. Ulikumbuka sawasawa. Hukusahau.

Akinyi wako