Drili aliyochaguliwa Ojara

Nasike, uko? Baba amenisimulia jambo sasa hivi, nimebaki nimeduwaa.

Mwaka 1972 yeye, mzee Ojara, alikuwa polisi hapa Kampala. Akitoka kazini alichonga vindege vya mbao, akatamani sana drili ndogo ya umeme ya kuvitobolea.

Wahindi walipofukuzwa nchini, yeye na wenzake walitumwa kulifunga duka la vifaa la Bwana Vithal. Wenzake wakaanza kubeba redio. Ojara naye akafungua kabati, akashika drili.

Vithal, aliyejua kuwa Ojara huchonga vindege, alikuwa bado mle ndani, anafunga sanduku lake. Unajua alisema nini? Hakumtukana!

“Afande, acha hiyo, ni nzito. Itapasua mbao zako. Chukua ile ndogo.”

Alimchagulia, Nasike! Mtu anaibiwa mchana kweupe, anamchagulia mwizi!

Ojara alitamani ardhi immeze. Lakini aliirudisha ile nzito, akachukua ndogo, akasema, “Asante, mzee.”

Asante!

Sisi wanawe alituambia aliinunua.

Nimemwuliza, “Baba, mbona hukuziacha zote?”

Amejifunika uso. “Niliitaka, mwanangu.”